Malalamiko kuhusu stata na betri zilizobadilishwa bila kupima umeme

Msasani,
Dar es Salaam.

Kwa Meneja wa Huduma,
Kampuni ya Matengenezo ya Injini za Majini,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MADAI YA KUREJESHEWA GHARAMA ZA STATA NA BETRI, NA UKAGUZI WA INJINI YA BOTI YA MATANGA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mmiliki wa boti ya matanga inayotia nanga katika ghuba ya Msasani, yenye injini ya dizeli ya silinda tatu, na nimekuwa mteja wenu kwa muda mrefu. Ninaandika kulalamikia kazi iliyofanywa na mafundi wenu, ambao waliniuzia stata mpya, yaani mota ya umeme inayoizungusha injini ili iwake, na kisha betri mpya, wakati ubovu wenyewe ulikuwa kwenye boliti moja inayofunga waya wa hasi kwenye mwili wa injini.

Dalili nilizowaeleza zilikuwa wazi. Nikizungusha ufunguo, wakati mwingine injini iliwaka mara moja, wakati mwingine ilisikika "tik" moja tu kutoka kwenye solenoidi, yaani swichi ya sumaku ya stata, na taa za dashibodi zikabaki zinang'aa vilevile. Ubovu unaokuja na kuondoka namna hiyo ni jambo ambalo fundi yeyote wa umeme wa majini analifahamu: kabla ya kushuku stata, hukagua maungio ya nyaya, kwa sababu chumvi ya bahari hula shaba hata ndani ya ganda la waya. Fundi wenu hakutoa kipima umeme kwenye mkoba wake. Aligonga stata kwa spana, akasikiliza, akasema imeungua. Ilipofungwa mpya na tatizo likabaki palepale, akasema betri imechoka, nami nikalipa tena.

Hatimaye nilimwita fundi mwingine, mzee anayeshughulika na boti za huko Kunduchi. Alianza na betri ikiwa imetulia, ikaonyesha volti 12.6, yaani imejaa. Kisha akaniomba nishike ufunguo wakati yeye anapima. Kwenye nguzo za betri zilibaki volti 11.3, kiwango kizuri kwa betri inayobeba mzigo, lakini kwenye stata zilifika 7.9 tu. Volti 3.4 zilikuwa zinapotea njiani. Akaweka ncha moja ya kipima umeme kwenye nguzo ya hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, na hapo hapo zikaonekana volti 2.9, ilhali upande wa chanya, kwa urefu wake wote, ulipoteza 0.5 pekee. Kwa kawaida upande mmoja haupaswi kupoteza zaidi ya nusu volti wakati stata inazunguka. Kazi yote hiyo aliimaliza kabla chai aliyowekewa haijapoa.

Alipofungua boliti ya waya wa hasi, chini ya kichwa cha waya kulikuwa na rangi ya injini, ile ile ambayo kampuni yenu iliipaka katika matengenezo makubwa mliyoifanyia injini hii. Waya ulikuwa umefungwa juu ya rangi, na umeme ulikuwa unapita kwenye mikwaruzo michache tu ya boliti, nayo imejaa unga wa kijani. Alipolivua ganda la waya kwa urefu wa kidole, nyuzi za shaba zilikuwa nyeusi. Alikwangua chuma mpaka kikang'aa, akafunga waya mpya wenye nyuzi zilizopakwa bati, akapaka grisi juu ya kiungo kilichokwisha kukazwa, na tangu siku hiyo injini inawaka kila ufunguo unapozungushwa. Kwa hiyo ubovu nilioutozwa fedha ulitoka kwenye karakana yenu.

Jambo linalonitia hofu zaidi kuliko fedha ni jinsi mafundi wenu walivyojaribu kuiwasha baada ya kufunga stata mpya. Kwa volti hizo chache injini ilikuwa inazunguka polepole, na injini ya dizeli haina cheche ya plagi. Inategemea joto la hewa inayobanwa kwa kasi ndani ya silinda. Ikizunguka polepole haiwaki. Hata hivyo waliendelea kushika ufunguo kwa muda mrefu, wakapumzika kidogo, wakarudia, na valvu ya maji ya bahari yanayopoza injini ilikuwa wazi wakati wote. Pampu ya maji huzungushwa na injini yenyewe, kwa hiyo kila mzunguko uliingiza maji kwenye boksi la ekzosi, ambamo maji hayo hukutana na moshi kabla ya kutoka nje, na moshi wa kuyasukuma nje haukuwepo. Boksi hilo likijaa, maji ya chumvi hurudi kupitia valvu za ekzosi mpaka kwenye silinda. Niliwaambia wafunge valvu, nikajibiwa kwamba hakuna shida.

Wapo wanaosema kwamba mwenye tanga hana haja ya injini. Anayezijua bahari zetu hawezi kusema hivyo. Wakati pepo za msimu zinapobadilika upepo hukatika ghafla, na maji ya bamvua, yale ya kujaa na kupwa sana, yanapotoka kwa nguvu yanaweza kuisukuma boti kwenye miamba ya kisiwa cha Bongoyo au kuipeleka kwenye njia ya meli zinazoingia bandarini, na hapo ufunguo ndio tegemeo la waliomo ndani, wakiwemo watoto wangu.

Kutokana na hayo, ninaomba mnirejeshee bei ya stata, bei ya betri na malipo yote ya ufundi yaliyomo kwenye risiti nilizoambatisha. Nami niko tayari kuwarudishia stata mpya mara mtakaponirejeshea ile ya zamani, ambayo mlibaki nayo bila kuniuliza na ambayo haikuwahi kupimwa. Ninaomba pia mtume fundi, kwa gharama yenu, akague oili kama imegeuka rangi ya maziwa, dalili ya maji kuingia ndani yake, apime mbano wa silinda zote tatu na anipe majibu kwa maandishi. Aje na kipima umeme.

Nitasubiri jibu lenu kwa siku 14 tangu mpokee barua hii. Nisipolipata, nitapeleka nakala yake, pamoja na risiti na picha za boliti hiyo, kwenye Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayomlinda mlaji.

Wako,

Mmiliki wa boti,
Msasani.