Barua kwa Mhariri: Wachezaji wa hoki wa zamani hawakucheza kwa mapenzi tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu kauli ninayoisikia kila majira ya baridi yanapoingia hapa Montreal, ninakoishi: kwamba wachezaji wa hoki ya barafuni wa zamani walikuwa waungwana waliocheza kwa mapenzi, si kwa fedha kama hawa wa leo. Wanaosema hivyo hudhani wanawasifu wazee hao. Kwangu mimi huko ni kuwadhulumu mara ya pili.

Tangu mwaka 1942 hadi 1967 ligi kuu ya NHL ilikuwa na timu sita tu, yaani nafasi takriban 120 kwa Kanada na Marekani zote mbili. Kijana alitia saini angali mdogo, na tangu siku hiyo akawa wa klabu hiyo mpaka yenyewe iamue kumuuza au kumwacha. Gordie Howe wa Detroit, ambaye wengi humhesabu kuwa bora wa zama zake, alipotia saini ujanani aliomba aongezewe koti la timu, akaridhika. Ilipofika mwaka 1968 ndipo Bob Baun, aliyekuwa amehamia Detroit mwaka huohuo, alipomfumbua macho kwamba yeye mgeni analipwa zaidi ya Howe.

Mitaani waliheshimiwa mno. Maurice Richard wa Montreal, mtoto wa mfanyakazi wa reli, alifunga mabao 50 katika mechi 50 msimu wa 1944/45, na kwa Wakanada wa lugha ya Kifaransa, ambao viwandani mwa mji wao wenyewe waliamrishwa kwa Kiingereza, alikuwa zaidi ya mchezaji. Machi 1955 alimpiga mwamuzi msaidizi, na rais wa ligi, Clarence Campbell, akamfungia mechi zote zilizobaki pamoja na za mtoano. Siku chache baadaye Campbell alipokuja kukaa kwenye kiti chake katika Forum, ukumbi wa nyumbani wa timu ya Montreal, alirushiwa mayai na nyanya, bomu la machozi likalipuka, na vurugu zikaenea katika mtaa wa Sainte-Catherine, ninaoupita kila siku nikienda kazini. Richard mwenyewe ilibidi aende redioni kuwasihi watu watulie. Simtetei kwa kosa lake. Ninachosema ni kwamba mtu aliyefanya mji mzima uingie barabarani hakuwa na chama cha wachezaji cha kusimama naye mbele ya Campbell.

Hata mwili wake mchezaji hakuwa na uhuru nao. Novemba 1, 1959, huko New York, shuti la Andy Bathgate lilimpasua uso kipa Jacques Plante wa Montreal. Alishonwa, kisha akakataa kurudi uwanjani bila barakoa, jambo ambalo kocha wake hakulitaka, kwa kuwa kipa aliyejifunika uso alionekana mwoga. Kocha alikubali kwa shingo upande, kwani hakuwa na kipa mwingine wa maana wa kumweka golini.

Lakini mtu ambaye ningependa wasomaji wako wamjue ni Ted Lindsay wa Detroit. Februari 1957 yeye na wenzake, akiwamo Doug Harvey wa Montreal, walitangaza kuanzisha chama cha wachezaji. Miongoni mwa madai yao ni kuoneshwa hesabu za mfuko wa pensheni, mfuko ambao wao wenyewe walikuwa wakiuchangia. Msimu huo Lindsay alifunga mabao 30 na kutoa pasi 55 za mabao, na hakuwahi kupata pointi nyingi kama hizo maishani mwake. Julai aliuzwa Chicago, timu iliyokuwa imeshika mkia. Novemba wachezaji wa Detroit, waliokuwa wenzake jana tu, walijitoa kwenye chama, Howe akiwamo, na mwaka uliofuata chama kikafa. Siwezi kuwalaumu. Mwenye watoto nyumbani na nafasi moja kati ya 120 alijua vizuri anachoweza kupoteza, na wamiliki nao walijua kwamba anajua.

Kwa hiyo nawaomba waandishi wa michezo, wanapoandika kwamba wazee wale walicheza kwa mapenzi, waandike pia kwamba walipodai haki yao waliadhibiwa. Mapenzi ya mchezo walikuwa nayo, hilo sibishi. Hesabu za pensheni hawakuacha kuziulizia. Mwaka 1992 mahakama ya Ontario iliamua kwamba ziada iliyokuwamo katika mfuko ule ilikuwa haki ya wachezaji, na miongoni mwa wastaafu waliofungua kesi hiyo walikuwamo Andy Bathgate na Gordie Howe, aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka 60.

Wako katika kusoma,
Msomaji wa Montreal, Kanada