Tusiyaite maudhi madogo madogo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie malumbano ya uzazi wa mpango yanayoendelea katika safu hii. Mwandishi wenu wa afya ndiye aliyeanza, akasifu njia zote za kisasa na kumaliza madhara yake kwa sentensi moja: ni maudhi madogo madogo tu. Wiki iliyofuata msomaji mmoja akamjibu kwamba njia hizo zinaua kizazi na kuleta saratani, na mwanamke mwenye akili azikimbie.

Nimekuwa muuguzi wa kliniki ya uzazi kwa miaka 26, sasa nimestaafu. Wote wawili hawa nimekutana nao mara nyingi mbele ya meza yangu, na nathubutu kusema kwamba wa kwanza ndiye anayemzaa wa pili.

Hilo neno "maudhi madogo madogo" nami nimelitumia sana. Nililitamka huku navunja kichwa cha chupa ya dawa na nje foleni ikinisubiri. Lakini chukulia sindano ile ya miezi mitatu. Wanawake wengi wanaoitumia huanza kuona matone ya damu siku zisizotarajiwa, na baada ya mwaka mmoja hivi karibu nusu yao hawaoni hedhi kabisa. Kitabibu si ugonjwa: homoni huzuia ukuta wa mji wa mimba usinenepe, kwa hiyo hakuna cha kutoka. Kwa mwenye upungufu wa damu hiyo inaweza hata kuwa nafuu. Sasa mwambie hayo kabla ya kumchoma, kisha mwone. Halafu usimwambie, uone tofauti. Yule wa pili atakaa nyumbani miezi minne akiamini damu inajikusanya tumboni. Shangazi atamthibitishia, jirani ataongeza chumvi, na sindano ya tatu hatakuja kuchomwa. Miezi michache baadaye unamwona kliniki, lakini foleni ya wajawazito.

Mmoja wa namna hiyo ndiye aliyenifundisha kazi upya. Alikuwa ametumia sindano miaka miwili, akaacha kwa sababu yeye na mumewe walitaka mtoto wa pili. Miezi tisa ikapita bila mimba. Alipokuja hakukaa kwenye kiti. Alisimama akaniuliza mbele za watu kwa nini tulimuua kizazi. Nilijua jibu: kwa sindano ile, kizazi huchelewa kurudi kuliko kwa njia nyingine. Wastani ni kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho, na wengine huchukua zaidi ya mwaka. Kuchelewa si kufa. Lakini nilikuwa nalijua tangu siku ya kwanza, na sikumwambia. Angeambiwa, pengine angechagua vijiti, vile vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono, au kitanzi kinachowekwa ndani ya mji wa mimba, ambavyo vikitolewa tu uwezo wa kushika mimba hurudi mara moja. Alishika mimba baadaye, ndiyo, ila kwa miezi ile yote mama mkwe wake alishapata la kusema.

Kwa hiyo msomaji wenu aliyeandika kwamba sindano inaua kizazi hakosei kwa kupenda. Kashika kipande cha ukweli ambacho sisi tulikificha, akakijengea nyumba. Uvumi mwingi niliousikia una kipande hicho. Kitanzi hakiendi moyoni wala kichwani, lakini mara chache sana huweza kutoboa ukuta wa mji wa mimba wakati wa kuwekwa, na wakati mwingine hutoka chenyewe mwanamke asijue. Ukimcheka anayeuliza, huyo hatauliza tena.

Saratani nayo isitajwe kwa mkupuo. Vidonge vyenye homoni mbili hupunguza uwezekano wa saratani ya ovari na ya ukuta wa mji wa mimba, na kinga hiyo hudumu miaka mingi baada ya kuviacha. Vilevile huongeza kidogo uwezekano wa saratani ya matiti wakati unavitumia, na ya shingo ya kizazi ukivitumia zaidi ya miaka mitano; ongezeko hilo hupungua ukishaacha. Haya yote ni kweli kwa pamoja. Mwandishi wenu kachukua nusu, msomaji kachukua nusu.

Kuna jambo moja ambalo haliwezi kuitwa dogo hata kidogo, nalo ni damu kuganda ndani ya mishipa. Vidonge hivyo vya homoni mbili huongeza uwezekano huo. Kwa walio wengi bado ni mdogo sana, mdogo kuliko wa mwanamke mjamzito. Lakini mwenye shinikizo la juu la damu, mvutaji sigara aliyetimiza miaka 35, au mwenye kipandauso kinachoanza kwa kuona vimulimuli, hao wapewe njia nyingine. Kupima shinikizo hakumalizi hata dakika tano. Anayenunua vidonge dukani kwa kumtuma mtoto hapimwi na mtu.

Historia ya vidonge hivyo ingetosha kutufundisha. Marekani iliviruhusu kwa uzazi wa mpango mwaka 1960, vikiwa na homoni nyingi mara kadhaa kuliko vya leo. Mwaka 1970 Baraza la Seneti lilipokuwa likisikiliza wataalamu juu ya madhara yake, wanawake walisimama ukumbini wakapaza sauti: mbona sisi tunaovimeza hatukuulizwa? Kile kikaratasi cha maelezo kilichokunjwa ndani ya pakiti, ambacho wengi wetu hukitupa, kilipatikana kwa kelele hizo.

Faida sitazirudia zote, mwandishi wenu alizieleza vizuri. Shirika la Afya Duniani linashauri mama apumzike angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyingine, na aliyeona mama wa mimba ya sita akivuja damu usiku hahitaji kusomewa sababu. Ila na hapo tuseme namba kama zilivyo. Kati ya wanawake 100 wanaotegemea vidonge kwa mwaka mmoja, kama 7 hushika mimba, kwa sababu watu husahau. Wangevimeza bila kukosea asingefika hata mmoja. Kondomu, kwa matumizi ya kawaida, ni kama 13. Vijiti ni kama mmoja katika 1,000, kwa kuwa havina cha kusahaulika. Lakini kondomu pekee ndiyo inayokinga pia Virusi vya Ukimwi na magonjwa mengine ya zinaa, na kijiti hakisaidii chochote huko. Halafu mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia rifampisini aseme mapema, maana dawa hiyo hudhoofisha vidonge na vijiti pia.

Na wanaume? Katika barua zote mlizochapa sijaona hata moja inayotaja mirija ya mwanamume. Kuifunga ni upasuaji mdogo, wa dakika chache, usiofungua tumbo, salama kuliko kumfunga mwanamke. Shida yake ni kwamba haufai kwa anayeweza kubadili nia, na kinga hukamilika baada ya miezi mitatu, si siku hiyo hiyo. Kwa miaka 26, waliokuja kuuliza kwa hiari yao nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mmoja alikuja usiku.

Yule mama wa sindano, alipojifungua, alirudi kwangu. Nilidhani angekwenda kwa muuguzi mwingine. Safari hii tulikaa karibu saa nzima, akachagua kitanzi cha shaba, nami nikamwambia yote: hedhi itakuwa nzito, tumbo litakuuma, huenda kwa miezi mitatu hadi sita, ikizidi hapo njoo. Akaja mwezi wa nne, kumpeleka mtoto chanjo. Nikamuuliza hali. "Inatoka nyingi kweli, sista," akasema, "lakini si ulisema mpaka sita? Bado miwili."

Muuguzi mstaafu
(jina na anwani vimehifadhiwa)