YAH: Glutamati ya kizimbani iliyofika Mbeya ikiwa imeshafunguka

Maabara ya Fiziolojia,
Mbeya.
14 Julai

Meneja Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Jibu lenu la wiki iliyopita nimelipata, kwamba bidhaa haijafikia tarehe ya kuisha muda na kwa hiyo haibadilishwi. Mimi sikulalamikia tarehe. Nililalamikia mwanga, na jibu lenu halikuutaja hata mara moja.

Niliagiza MNI-glutamati miligramu 10, yaani glutamati, kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kupashana habari, iliyofungiwa kwenye "kizimba" cha kemikali kiitwacho MNI ili isifanye kazi mpaka imulikwe. Niliitaka ikiwa unga, ndani ya kichupa chake cha kahawia cha kiwandani, lakiri haijaguswa. Nyinyi mkaifungua, mkaiyeyusha, mkaigawa kwenye vichupa vitano vya plastiki inayoonyesha ndani, mkaitia boksi la barafu na kuipakia basi. Zaidi ya kilomita 800 baadaye barafu ilikuwa maji. Kijana wa ofisi ya vifurushi pale stendi ya mabasi ya Nane Nane, koti lake limefungwa hadi shingoni, akanipokea kwa heshima zote: "Shikamoo dada. Boksi lako lilikuwa linavuja, nikaona nivianike hivi vichupa." Viko dirishani, vimepangwa kwa mstari, jua la saa nne linavipiga. Simlaumu. Lebo yenu ilisema "weka baridi" na basi.

Joto peke yake ningelimeza, maana sifa ya kizimba cha MNI ni kuvumilia kukaa kwenye maji ya pH ya kawaida. Ila kizimba hicho kimetengenezwa kifunguliwe na mwanga. Ndiyo kazi yake yote. Jack Kaplan na wenzake waliifungia ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli, kwa njia hii mwaka 1978, na leo watafiti wananunua vitu hivi ili glutamati itoke pale tu wanapomulika, kwenye ncha ya seli waliyoichagua. Ikishafunguka njiani, mmeniuzia glutamati ya kawaida kwa bei ya kizimba.

Na sikuishia kukisia. Juzi usiku tulizima taa zote, tukabaki na tochi iliyozungushiwa nailoni nyekundu. Kipande cha ubongo wa panya kilikuwa chini ya hadubini, pipeti ya kioo imeshika seli moja, mstari wa umeme kwenye skrini umetulia kama maji ya mtungini. Nikaingiza dawa yenu. Taa ya nanomita 365 ilikuwa bado haijawashwa, lakini mstari ukazama, yaani seli imeshaitikia glutamati iliyo huru. Nikasuuza kwa maji ya chumvi matupu, ukarudi juu. Nikaingiza tena, ukazama tena. Kisha nikachukua akiba ya mwaka jana, ile iliyokuwa kwenye friza la nyuzi 20 chini ya sifuri ikiwa imeviringishwa foili, kipimo kilekile: kimya. Nilipomulika ndipo seli ikaitika, mara moja, ikanyamaza. Picha za skrini nimeziambatisha. Kipande cha ubongo hakikai hai zaidi ya saa chache, kwa hiyo usiku ule wote, pamoja na panya wake, umekwenda kuwathibitishia nyinyi kosa lenu.

Ninachotaka ni kichupa kingine cha miligramu 10, unga, lakiri ya kiwandani, kwenye mfuko usiopitisha mwanga, na lebo inayosema hivyo kwa Kiswahili, ili hata kijana wa vifurushi aelewe. Kama hamna, nirudishieni fedha yote pamoja na nauli ya kifurushi. Risiti ya EFD ninayo. Nawapa siku 14 kuanzia tarehe ya barua hii. Na kuanzia sasa msinigawie wala kuniyeyushia kitu chochote bila kuniuliza.

Vichupa vinne vilivyobaki nimeviviringisha foili na kuviweka kando kwenye friza, nivikabidhi kwa mtu wenu atakayekuja kuvichukua. Mkimtuma mwezi huu, aje na koti.

Wenu katika kazi,
Mtafiti, Maabara ya Fiziolojia