Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Safari za Farasi za Siku Nyingi katika Jangwa la Namib

Ndugu wanachama,

Mwaka huu hakuna jambo lililoletea kamati malalamiko mengi kama mizani ya kupimia wapandaji, kwa hiyo nitaanzia hapo. Mambo ya fedha mhazini atayasoma baada yangu.

Kanuni yetu inabaki ile ile. Farasi wa safari ya siku nyingi habebi zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, na ndani ya hiyo asilimia yumo mpandaji, limo tandiko, imo mifuko na yamo maji. Farasi wa kilo 450 ana nafasi ya kilo 90. Toa tandiko la safari ndefu pamoja na blanketi lake, kilo 12. Toa mifuko yenye lita tatu za maji, koti na chakula cha mchana, kilo 5. Kinachobaki ni kilo 73 za mtu akiwa amevaa viatu na kofia ngumu. Farasi wa kilo 500 humfikisha mpandaji kwenye kilo 83, ndiyo maana kikomo kinachokaribia hapo, kilo 85, mtakikuta kwenye fomu nyingi za Namibia. Hakikuwekwa ili kumdhalilisha mtu.

Baadhi yenu mmeuliza mbona Naivasha tunapanda bila kupimwa. Naivasha ni saa mbili tatu juu ya majani, na jioni farasi yuko bandani. Kutoka nyanda za juu za Khomas, magharibi ya Windhoek, hadi baharini Swakopmund ni kama kilomita 400, siku tisa au kumi. Kidonda cha mgongo hakijitokezi siku ya kwanza. Hujitokeza siku ya tatu au ya nne mkiwa katikati ya changarawe. Farasi mmoja akiondolewa, mpandaji wake atapewa wa akiba. Wakiondolewa wanne na wa akiba wakaisha, kuna mtu atamalizia safari ndani ya lori, na pesa yake harudishiwi.

Ukaguzi wa mgongo hauhitaji daktari, ila unahitaji kufanywa kila siku na mpandaji mwenyewe, asimwachie saisi. Ukifika kambini, legeza mkanda wa tumbo, ngoja dakika chache, ndipo uvue tandiko. Tazama alama ya jasho. Inatakiwa ienee sawasawa pande zote mbili, na mfereji wa uti wa mgongo ubaki mkavu. Doa kavu la ukubwa wa kiganja ndani ya eneo lililolowa maana yake tandiko linagandamiza hapo. Kisha pitisha vidole kwa nguvu ya wastani kutoka mabegani hadi kiunoni. Farasi akinywea mgongo au akizungusha masikio nyuma, rudia pale pale. Baada ya saa moja rudi tena, kwa sababu uvimbe mwingine huja tandiko likishatoka na damu ikisharudi. Uvimbe uliokutwa jioni hutibiwa kwa maji baridi na kubadilishiwa tandiko au kupumzishwa. Uliokutwa asubuhi, tandiko likiwa tayari mkononi, huwa umechelewa.

Sasa maji, ambayo kwa maoni yangu ndiyo safari yenyewe. Msafara wa kawaida ni wapandaji 12, waongozaji watatu na farasi watatu wa akiba, jumla farasi 18. Tunahesabu lita 45 kwa farasi kwa siku, ingawa siku ya joto kali anaweza kupita 60. Hiyo ni lita 810 kwa siku. Kati ya kisima na kisima panaweza kuwa na siku mbili, basi lita 1,620, na tunaongeza nusu siku ya tahadhari: lita 2,025, yaani zaidi ya tani mbili bila kuhesabu tangi lenyewe. Kuanzia sasa kamati haitapitisha mwandaaji anayebeba maji yote kwenye gari moja. Gari likizama kwenye mchanga wa mto mkavu, maji yote yamezama nalo, na farasi wako kilomita 20 mbele. Yagawanywe kwenye magari mawili yanayopita kwa nyakati tofauti, na dereva apunguze upepo wa matairi kabla ya kuingia mchangani. Akisubiri hadi akwame, atachimba kwanza.

Ongezeni chakula. Wenye mazoea ya kumwachia farasi ale majani njiani wasahau. Kwenye tambarare za changarawe hakuna cha kung'ata. Kila farasi anahitaji takriban kilo 8 za nyasi kavu na kilo 4 za chakula cha nafaka, kwa hiyo kwa farasi 18 na siku kumi ni kilo 1,440 za nyasi na 720 za nafaka. Marobota hupelekwa mapema kwenye kambi, yakafunikwa turubai.

Nyasi zisimwagwe mchangani. Farasi akila anaokota na mchanga, unatulia kwenye utumbo mkubwa, na baada ya siku kadhaa anaanza kuumwa tumbo: anapiga tumbo kwa mguu, anajigeuza kutazama ubavu, anataka kulala na kubingirika. Mlisheni kwenye wavu, mfuko wa kichwani au juu ya turubai. Kumchunguza ni rahisi. Chukua mafungu machache ya kinyesi kutoka sehemu ya juu ya rundo, isiyogusa ardhi, yavuruge kwenye chupa angavu yenye maji, uiache robo saa. Mchanga utakaa chini. Ukionekana mwingi, mwambieni mwongozaji siku hiyo hiyo.

Siku ya mapumziko ina hatari yake. Farasi aliyefanya kazi siku nne akilishwa nafaka kamili huku amesimama, kesho yake anaweza kukakamaa misuli ya nyuma dakika chache baada ya kuondoka, akatoka jasho, akakataa kwenda, na mkojo ukawa wa rangi ya kahawa. Siku ya kupumzika nafaka ipunguzwe nusu au zaidi, nyasi zibaki kamili, na atembezwe kidogo jioni. Tatizo hilo likishatokea, msimlazimishe hatua hata moja. Gari limfuate alipo.

Njia yenyewe wengi wenu mnaijua kwenye ramani. Siku za mwanzo ni mawe na miteremko ya Khomas, mahali pa kushuka na kumwongoza farasi kwa miguu, hasa pale nyanda zinapokatika ghafla na kushuka kuelekea jangwani. Barabara za Bosua, Us na Gamsberg hushuka ukingo huo huo. Baada ya hapo ardhi hunyooka, na ndipo panapowezekana kwenda shoti kilomita kadhaa bila kuvuta hatamu. Furaha hiyo ina gharama: kokoto kali za kwartzi hulegeza misumari ya viatu. Asubuhi na jioni, inua kila mguu, gonga kiatu, sikiliza kama kinacheza. Fundi awe kwenye msafara pamoja na tupa, misumari na angalau jozi mbili za viatu vya akiba vya kila saizi.

Ndani ya Hifadhi ya Namib-Naukluft tunapita kwa kibali, na kwa mstari mmoja. Kuvu na mwani vinavyoishi kwa kushikamana na kufunika changarawe hukua polepole mno, na alama za magurudumu hubaki miongo mingi. Wanaopenda kupanga mstari wa farasi kumi kwa ajili ya picha wafanye hivyo mtoni au ufukweni.

Karibu na bahari mkondo baridi wa Benguela huleta ukungu usiku na asubuhi. Kwetu huo ni shida: blanketi lililolala nje linaamka limelowa, na blanketi bichi lenye chumvi ya jasho la jana huchubua ngozi kuliko mlima wowote wa Khomas. Yalazwe ndani ya lori.

Msimu unabaki Juni hadi Septemba. Usiku wa Julai nyanda za juu zinaweza kushuka chini ya nyuzi sifuri, kwa hiyo mfuko wa kulalia uwe wa baridi kweli. Sababu ya kuepuka miezi inayofuata mvua ni ile homa ya farasi ya Afrika, inayoenezwa na visubi na kuua sehemu kubwa ya farasi wasio na kinga. Visubi huuma zaidi kuanzia magharibi hadi alfajiri, na baridi ya usiku ikishika hupungua. Mwandaaji aonyeshe kumbukumbu za chanjo za kila farasi. Ugonjwa huo huo ndio unaofanya isiwe rahisi kuvusha farasi mipaka, na wanaoandika kila mwaka kuomba wasafiri na farasi wao wenyewe kutoka Arusha au Nairobi wamejibiwa hapa.

Mapendekezo mawili ya njia mpya yamekataliwa. La kwanza ni Chalbi, kaskazini mwa Kenya, kati ya Kalacha na North Horr. Ni jangwa zuri na liko nyumbani, lakini ni nchi ya ngamia. Ngamia hukaa siku kadhaa bila kunywa. Farasi anayefanya kazi kwenye joto lile hakai hata moja, na maji ya visima vingi huko yana chumvi. La pili ni kupita Garub, karibu na Aus, katikati ya farasi mwitu wa Namib. Kundi lile ni dogo na limeshapoteza watoto wengi kwa fisi. Kuwapelekea farasi wa kufugwa ni kuwapelekea magonjwa, na madume yao hayatawaacha majike wetu wapite salama. Wanaotaka kuwaona waende kwa gari hadi kwenye birika la kisima.

Kwa safari ijayo, fomu zirudi kwa katibu kabla ya mwisho wa Januari zikiwa na uzito uliopimwa ukiwa umevaa, uthibitisho wa bima inayolipia uokoaji kwa ndege, na kwa wanaotoka Kenya, kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mizani italetwa pia siku ya mazoezi ya mwisho, ambayo ni saa tano juu ya tandiko zikiwemo dakika 20 mfululizo za mwendo wa troti, yaani mbio za polepole. Atakayezidi uzito siku hiyo nafasi yake itakwenda kwa aliye kwenye orodha ya kusubiri.

Mwenyekiti