Shukrani kwa mzee wa Barabara ya Kirinyaga

Mzee wangu, jina hukutaja na pesa ya chai ulikataa, basi nakushukuru hapa. Mwenye duka la vipuri hapo Nairobi alikuwa ameshanitolea springi za mzigo mzito kuliko zote za gari langu, Toyota Prado. Wewe, mteja kama mimi, ukaniuliza: "Kijana, gari lako hubeba nini kila siku? Sisemi siku ya safari."

Uliweka viganja kwenye boneti, ukaibonyeza na kuiachilia, ukanieleza kwamba springi hubeba uzito, shoki hutuliza mtikisiko. Springi ngumu kwenye gari tupu hurukaruka, na tairi likiruka halishiki barabara. Ukapiga hesabu nyuma ya risiti: maji lita 40 ni kilo 40, jerikeni ya dizeli ya lita 20 ni kilo 17 hivi, bila jerikeni yenyewe. Mzigo wa wikendi, ukasema, hautaki springi za namna ile. Pesa afadhali ziende kwenye shoki nene zenye gesi ya naitrojeni, maana barabara ya makunyanzi hupasha mafuta ya shoki moto hadi yatoe povu, na shoki ikalegea ukiwa mbali na fundi.

Pia ukanisihi nisitoke gereji bila alaimenti, yaani kupanga magurudumu yakae sawa, nikishainua gari kwa springi, hata kwa inchi 2.

Tumeshafika Nguruman kupitia Magadi, na mama yangu, ambaye mgongo humsumbua sana, hakulalamika hata kidogo. Anakusalimu. Mungu akuzidishie, mzee.