Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka tuliozitazama sura za waandishi

Ndugu wanachama, wazee wangu, dada zangu na kaka zangu, habari za siku nyingi. Najua wengi mnaisoma hii kwenye simu, mko kazini au kwenye basi, kwahiyo naandika kama ninavyoongea. Mambo ya hela nimeyaweka kule chini, naomba msiyaruke.

Kama mnakumbuka mkutano mkuu uliopita tulipitisha kwamba mwaka huu tusifungue kitabu kipya, tuchukue vile vya Kiingereza ambavyo tumeshavisoma, vingi tulivikuta tangu shule, alafu tutazame picha zake, michoro ya zamani iliyokuwemo ndani pamoja na sura za waandishi wenyewe. Kuna waliopinga na hoja yao ilikuwa ya maana, walisema chama cha wasomaji kikianza kuangalia mapicha kitasahau kusoma. Nawashukuru sana hao kwasababu hawakususa, walikuja kila kikao na maswali magumu yalitoka kwao.

Ila swali lililotubeba mwaka mzima liliulizwa na mama mmoja kikao cha kwanza kabisa. Mezani tulikuwa tumeweka ile sura ya Shakespeare inayojulikana dunia nzima, kipara mbele, kola pana kama sinia. Mama akaitazama weee, akauliza, "Sasa huyu aliyemchora alimwona?"

Hakuna aliyekuwa na jibu, ikabidi twende tukasome. Ile picha ilichongwa kwenye bati la shaba na Martin Droeshout, ikawekwa mwanzoni mwa kitabu kikubwa cha tamthilia zake kilichotoka 1623. Shakespeare alifariki 1616. Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba Droeshout mwenyewe ni yule aliyezaliwa 1601, yaani mwandishi anakufa yeye ni kijana wa miaka 15, kwahiyo habari ya kwamba walikaa chini mmoja akamchora mwenzie ni ngumu kuiamini, inaelekea alichonga kwa kufuata picha nyingine. Kichwa kimezidi mabega, na ukilitazama koti kwa makini mkono mmoja umekaa kama umeshonwa kinyumenyume. Lakini Ben Jonson, mwandishi mwenzie wa tamthilia ambaye alimjua Shakespeare uso kwa uso, aliandika kishairi cha kukaa mkabala na picha hiyo akisema mchongaji sura ameipata, alafu akamalizia kwa kumwambia msomaji asiitazame picha, akitazame kitabu. Na kitabu chenyewe kina tamthilia 36, nusu yake hazikuwa zimewahi kuchapwa popote, ikiwemo ile ya Julius Caesar ambayo Mwalimu Nyerere alitutafsiria kwa Kiswahili mwaka 1963. Bila wale waliokusanya makaratasi 1623 huenda Mwalimu asingekuwa na cha kutafsiri, hilo lilinigusa sana na bado naliwaza.

Ziara yetu ya kwanza ilikuwa National Portrait Gallery, jumba la sura za watu mashuhuri pale London, karibu na Trafalgar Square. Kuingia ni bure, nasema tena bure, mana kuna wanachama wamekaa mji huu miaka mingi wakidhani lazima ulipe. Jumba lile lilianzishwa 1856 na picha ya kwanza kabisa kupokelewa ni ya Shakespeare, ile inayoitwa Chandos kwa jina la familia iliyowahi kuwa nayo. Hii ni ya rangi, nyeusi nyeusi hivi, kola imefunguliwa kamba zinaning'inia, na sikioni ana hereni ya dhahabu. Inadhaniwa ilichorwa na mtu anaitwa John Taylor kati ya 1600 na 1610, Shakespeare akiwa hai. Kwahiyo kwa hii, lile swali la yule mama jibu lake ni kwamba huenda huyu alimwona. Vijana wetu walisimama pale muda mrefu, wakasema huyu mwenye hereni wanaweza kumwamini kwamba aliandika mambo ya mapenzi, yule wa kwenye bati anafanana na karani.

Sasa niseme kuhusu Jane Austen, yule mwandishi wa riwaya, kwasababu hapo ndo mimi mwenyewe nilijifunza zaidi. Picha yake ni ndogo mno, haifiki hata sentimita 12 kwenda juu, ukubwa wa simu ndogo tu. Imechorwa na dada yake Cassandra kwa penseli na rangi ya maji kidogo, mnamo 1810. Uso umemaliziwa, mashavu yana rangi, lakini mwili umeachwa mistari tu, mikono ameikunja kifuani, midomo kaibana, anatazama pembeni kama mtu aliyeambiwa kaa hapo usitikisike na ana kazi zake zinamngoja. Siyo picha ya kumpamba mtu. Mpwa wake mmoja wa kike alisema haifanani naye kabisa. Lakini aliyeichora alikuwa anaishi naye nyumba moja.

Tukiwa pale mwanachama mmoja akatoa noti ya paundi 10 mfukoni, ile yenye sura ya Austen iliyoanza kutumika Septemba 2017, akaiweka sambamba na picha. Yaani ni watu wawili. Kwenye noti macho yamekuwa makubwa, midomo imelainishwa, sura imejaa, imetulia, binti wa kuposwa. Kisa chake ni kwamba Austen alifariki 1817 akiwa na miaka 41, na vitabu vyake alipokuwa hai havikuwa na jina lake, kile cha kwanza mwaka 1811 kiliandikwa tu kwamba kimetungwa na bibi mmoja, sura ndo hakuna kabisa. Zaidi ya miaka 50 baadaye mpwa wake wa kiume akaandika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1870, akataka picha ya shangazi, akampa mchoraji anaitwa James Andrews ule mchoro wa Cassandra autengeneze upendeze. Andrews hakuwahi kumwona. Kutoka hapo ikachongwa ikaingia kitabuni, na hiyo iliyorembwa ndo inazunguka kwenye mifuko yetu leo. Mimi nimelinunulia maziwa lile noti mara ngapi sijawahi kuuliza. Tulibishana kwenye treni wakati wa kurudi kama mpwa alikosea. Kuna dada alimtetea, akasema hata sisi picha ya marehemu tunayoitoa kwenye matanga tunachagua ile aliyovaa vizuri. Ni kweli. Ila mimi nabaki na Cassandra, na msimamo huo ni wangu, siyo wa chama.

Ya ndugu wa Brontë, wale dada watatu waandishi wa riwaya, wengi mliiona kwenye grupu, nilituma picha usiku ule ule. Imechorwa na kaka yao Branwell mnamo 1834 akiwa bado kijana wa miaka 17 hivi, wamesimama Anne, Emily na Charlotte, na katikati kuna nguzo ambayo haieleweki imetoka wapi. Ukiikaribia unaona ndani ya nguzo kuna kivuli cha mtu, kichwa na mabega. Ni Branwell, alijichora alafu akajifuta kwa kujipaka nguzo, na rangi kadri inavyozeeka ndivyo yeye anavyozidi kutokeza. Alafu kuna mikunjo mikubwa imekatiza turubai zima, mana mume wa Charlotte aliondoka nayo kwenda Ireland na ikaja kukutwa 1914 juu ya kabati, imekunjwa kama shuka. Mikunjo ile mpaka leo inaonekana. Mzee wetu mmoja wa Mombasa ambaye huwa haongei sana alisimama mbele ya nguzo ile mpaka walinzi wakaanza kutangaza kufunga, hakusema kitu, na mimi sikumuuliza.

Vikao vya Zoom vilikuwa viwili. Cha Dickens kilienda vizuri, tuliangalia jinsi kitabu chake cha Pickwick kilivyotoka vipande vipande kila mwezi kuanzia 1836, kipande kwa shilingi moja, na kwamba mwanzoni aliyetakiwa kuwa nyota ni mchoraji, Robert Seymour, Dickens aliitwa aandike maneno ya kusindikiza picha. Seymour akajiua kabla hata toleo la pili halijauzwa, inasikitisha sana, na baada ya kujaribu mwingine ikaangukia kwa kijana wa miaka 20, Hablot Browne, aliyejiita Phiz, akaendelea na Dickens zaidi ya miaka 20. Cha pili mtandao ulikatikakatika, nawaomba radhi wenzetu wa Bukavu na Bujumbura, tutakirudia.

Kuhusu maonyesho yetu ya Oktoba. Mtakumbuka tuliagiza kuchapiwa mabango manane kwenye duka moja la uchapaji, sitalitaja. Yalipofika siku mbili kabla, ya Alice in Wonderland, kile kitabu cha watoto cha Lewis Carroll, yalikuwa wino umevimba mistari imeungana imekuwa madoa, na wale ndugu watatu wa Brontë wamevutwa upande upande wamekuwa wanene. Kamati ikagawanyika, wengine wakasema tubandike tu watu hawataona. Katibu ndo akatukumbusha habari ya John Tenniel, mchoraji wa kitabu hicho cha Alice, ambayo tulikuwa tumeisoma wiki ile ile. Tenniel alichora picha 42 za kitabu kile. Wakati huo mchoro unahamishiwa kwenye kibao, mchongaji anakwangua kila palipo peupe ili mistari ibaki imesimama, hiyo ndo inashika wino, kazi ya mikono na macho, ikafanywa na ndugu wa Dalziel. Mwaka 1865 kopi 2,000 zikachapwa, Tenniel akazitazama akasema picha zimechapwa vibaya, na Lewis Carroll akakubali kitabu kichapwe upya wakati gharama zilikuwa zinatoka mfukoni mwake. Baada ya kusikia hayo tukapiga kura, tukayarudisha mabango yote. Hela ya awali tumeipoteza, mimi kama mwenyekiti naubeba uamuzi huo, na maonyesho tulifanya kwa picha ndogo tulizochapa wenyewe kwa printa ya ofisini kwa mwanachama mmoja, kwa ruhusa. Zilikuwa ndogo lakini kila mstari ulionekana.

Jambo la mwisho, na kwangu ndo kubwa. Tulitaka kujua kama kwenye zile karne kuna mwandishi Mwafrika wa Kiingereza aliyewekwa sura kitabuni. Wapo. Phillis Wheatley, aliyechukuliwa Afrika Magharibi akiwa mtoto akauzwa Boston, mashairi yake yalichapwa London 1773 na mbele kuna picha yake amekaa mezani, kalamu ya unyoya mkononi, kidole shavuni anafikiria, kidau cha wino na kitabu pembeni. Kuzunguka picha kuna maneno, yameandikwa duara kama pambo, yanasema ni mtumishi mweusi wa bwana fulani, na jina la bwana limewekwa. Dada mmoja wa Bagamoyo alisoma maneno yale kwa sauti alafu akafunga laptop. Tukapumzika kidogo ndo tukaendelea.

Olaudah Equiano, aliyewahi kuwa mtumwa akaandika maisha yake, mwaka 1789 ilikuwa vingine, kitabu alikisimamia mwenyewe, na pichani anamtazama msomaji machoni, ameshika Biblia iliyofunguliwa Matendo ya Mitume. Na Ignatius Sancho, aliyeletwa Uingereza mtoto mtumwa akaja kuwa na duka lake Westminster na akapiga kura ya ubunge 1774, alichorwa mjini Bath mwaka 1768 na Thomas Gainsborough, mmoja wa wachoraji wakubwa wa nchi ile. Inasemekana alimaliza kwa saa moja na dakika 40. Amevaa kizibao chekundu chenye nakshi ya dhahabu, mkono kauingiza ndani ya kizibao, siyo nguo za utumishi. Sancho alifariki 1780, barua zake zikachapwa 1782 na sura ikachongwa kutoka picha hiyo hiyo. Picha yenyewe iko Ottawa, Kanada. Nilipomaliza kusoma haya mama yetu akasema kwa sauti, "Huyu alimwona!" na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Wanachama wa kaskazini nao walienda Manchester kumwona Ira Aldridge, mwigizaji mweusi aliyezaliwa New York, amechorwa na James Northcote 1826 kama Othello, macho yamegeukia pembeni, na alikuwa hata miaka 20 hajafika. Ripoti yao imebandikwa kwenye grupu, isomeni, wameandika vizuri kuliko mimi.

Hesabu. Ada imelipwa na wengi ila siyo wote, mweka hazina ana majina na atawapigia mmoja mmoja, hatasoma mbele za watu. Matumizi makubwa yalikuwa nauli ya treni kwa wanafunzi na ile hela ya mabango. Hatudaiwi na mtu. Jedwali kamili linakuja na risiti zake.

Mwaka ujao kamati inapendekeza tuandike maelezo mafupi ya Kiswahili kwa kila picha tuliyotazama, ili mtoto wa mtu akiikuta aelewe ni nani, nani alimchora na kama walionana. Tunahitaji watu wa kuandika na wa kuhakiki. Mkutano mkuu ni ukumbi ule ule, saa nane mchana siyo saa tisa, kila mtu aje na kitabu kimoja chenye sura ya mwandishi. Mama yetu ndo nimemuomba afungue kikao, amekubali.

Mwenyekiti wenu