Karoti za mawe zisitupwe

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi niseme habari ya karoti. Si zile za sokoni. Sisi wanajiolojia wa Katanga twaita hivyo vipande vya mwamba, virefu na vya mviringo, vinavyotolewa ardhini kwa mashine ya kutobolea na kupangwa kwenye makasha ya mbao.

Juzi nilipita karibu na Kolwezi, kwenye kambi nilikofanya kazi ujanani. Makasha yalishakuwa kuni za kupikia bukari, yaani ugali. Karoti zimefukia mashimo ya barabara, na mbili watoto wamezisimamisha kuwa goli. Nikachutama na lenzi yangu, mzee mzima, wapita njia wakinishangaa.

Nyingi zilikuwa RSC, kifupi cha Kifaransa cha roches siliceuses cellulaires. Wachimbaji wanaijua: jiwe gumu lenye matundu, limelala kati ya matabaka mawili ya shaba na kobalti, lenyewe mara nyingi halina kitu. Ndiyo maana hutupwa. Lakini lilowesheni maji mtazame: mistari myembamba imekunjamana kama majani ya kabichi. Hiyo ni stromatoliti, kazi ya vijidudu vya bahari ya kina kifupi, karibu miaka milioni 800 iliyopita. Bahari, ndiyo, hapa kwetu, ambako leo ukitaka maji ya chumvi utasafiri zaidi ya kilomita 1,000.

Watu huniuliza, samaki wake wako wapi? Samaki walikuwa bado, hata konokono. Palikuwa na utelezi wa vijidudu tu, unanasa tope, unapanda juu yake, unanasa tena. Kule Shark Bay, Australia, ungali unajenga hivyo hadi leo, chini ya milimita moja kwa mwaka. Kwa mwendo huo, shubiri moja ya jiwe ni zaidi ya miaka 200. Mama watoto aliposikia hesabu hiyo aliacha kuzuilia mlango kwa jiwe langu.

Ombi langu kwa wenye makampuni: kabla ya kusafisha bohari, wekeni walau kasha moja la RSC kwa kila shimo lililotobolewa, mlipeleke idara ya jiolojia ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Na namba ya shimo iwepo, pamoja na kina. Bila hivyo ni kokoto.

Wale watoto waliniuzia nguzo moja ya goli kwa franka 2,000. Wino bado unasomeka: mita 112. Namba ya shimo iliandikwa kwenye kasha.

Mwanajiolojia mstaafu,
Katuba, Lubumbashi